Fremu ya bastola imepasuka, kampuni inauliza nilitumia risasi gani. Waranti itanilinda?

NjiaPanda (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu. Naombeni ushauri wa haraka, maana kuna fomu natakiwa kuirudisha na sijui niandike nini.

Nina bastola ya 9x19 (risasi za milimita 9), nusu-otomatiki, ya nyundo, fremu ya polima. Niliinunua mpya, mmiliki wa kwanza ni mimi. Leseni ipo, risiti ipo, kadi ya waranti ipo na muda wake haujaisha. Nikiwa kwenye uwanja wa shabaha ulitoka mlio mzito kuliko kawaida, moshi ukachomoka upande wa kulia na chini, magazini ikaruka nje yenyewe. Ekstrakta, kile kidoko kinachovuta ganda, haionekani. Fremu ina ufa juu ya triga. Mkono uko salama, uliungua kidogo tu.

Kampuni wamenitumia fomu yenye maswali mengi. Mimi nina mawili. Kwanza, fremu kupasuka kwa risasi moja si ushahidi tosha wa kasoro ya kiwandani? Pili, ni lazima nijaze kila kipengele cha fomu? Kampuni siitaji, sitaki kuwachafua kabla hawajanijibu. Nimeweka picha mbili, ya fremu na ya kitako cha ganda. Nawasilisha.

Mzee wa Springi

Pole sana mkuu, shukuru mkono upo.

Waranti za silaha karibu zote zinazungumzia jambo lile lile: kasoro ya malighafi au ya utengenezaji. Yanayobaki nje ni risasi isiyofaa, kizuizi ndani ya mtutu, kutu, kukosa matunzo, kuchonga au kubadilisha vipuri, na uchakavu wa kawaida. Mipako ya nje mara nyingi haimo kabisa. Na hata ukikubaliwa, kuamua kama watakarabati au watakupa nyingine ni juu yao.

Sasa kitu ambacho watu hawakisomi: springi ni kipuri cha kubadilishwa, hakimo. Springi ya kurudisha slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, kwenye 9x19 hubadilishwa baada ya risasi 3,000 hadi 5,000 hivi, kitabu cha bastola yako kitakupa namba yake hasa. Ikichoka, slaidi inakwenda nyuma kwa kasi na kuigonga fremu kila risasi, hadi siku fremu inachoka. Umebadilisha lini?

Bi Lengo

Mzee wangu, kwa heshima zote, springi iliyochoka hairushi magazini nje wala haitoi moshi kwa chini. Hapo gesi imepita mahali isipopaswa kupita.

NjiaPanda, mwanangu, tujibu haya ndipo tuongee. Risasi zilikuwa za kiwandani, za akiba ya jeshi, au za kujaziwa upya? Kama za kiwandani, boksi unalo, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi inasomeka? Mtutu ukiutoa na kuutazama pembeni kwenye mwanga, una pete ya uvimbe popote? Hiyo bastola iko wapi sasa hivi, na nani ameigusa tangu siku ile?

Kadi Haina Pesa

Kuhusu waranti kwa ujumla, maana humu watu wanadhani kila silaha inakuja nayo.

Marekani kuna sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975. Haimlazimishi mtengenezaji kutoa waranti ya maandishi. Inasema tu kwamba akitoa, aieleze kuwa ni kamili au ni yenye mipaka, na aifuate. Ruger, watengenezaji wa silaha wa huko, kwa miaka mingi wameweka kwenye vitabu vyao ukurasa unaoeleza kwa nini hakuna kadi ya waranti ndani ya boksi: badala ya kuandika waranti chini ya masharti ya sheria ile, waliamua kutotoa ya maandishi, na wanajulikana kwa kutengeneza silaha zao zikiharibika. Kwa hiyo kukosa kadi si kukosa huduma, na kuwa nayo hakumaanishi umeshafika.

Umoja wa Ulaya ni habari nyingine. Pale haki ya kwanza ya mlaji ni dhidi ya muuzaji, si kiwanda: angalau miaka 2, na chini ya maelekezo ya 2019/771, yaliyoanza kutumika Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka 1 huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Waranti ya kiwanda inakaa juu ya haki hiyo, haiifuti.

Halafu "ya maisha". Soma maisha ya nani. Mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza tu, ukiuza imekufa. Na maisha ya kampuni je? Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani, iliingia kwenye ufilisi 2018, ikarudi tena 2020, mali zikauzwa vipande vipande kwa wanunuzi mbalimbali. Anayenunua jina na mashine kwenye ufilisi habebi moja kwa moja ahadi za mwenye mali wa zamani.

NjiaPanda

Asanteni sana. Bi Lengo, risasi ni za kawaida tu za 9x19, kichwa cha gramu 8. Mtutu hauna uvimbe, nimeutazama vizuri. Bastola ipo mahali salama.

Mzee wa Springi, springi haijafika hata nusu ya muda wake.

Kadi, somo zuri, ila mimi nataka kujua kuhusu fomu.

BarutiKavu

"Za kawaida" si jibu, mkuu. Kichwa cha gramu 8 kinapatikana kwenye boksi la kiwandani na kwenye kopo la mtu anayejaza mezani kwake. Ngoja nikueleze kwa nini hili swali linazunguka.

Dalili zako zinaonyesha mahali gesi ilipotokea. Kama mtutu ungekuwa na kizuizi, tuseme kichwa cha risasi dhaifu kilichobaki katikati halafu ukafyatua nyingine nyuma yake, ungeona pete ya uvimbe, mara nyingi pale kichwa cha kwanza kilipokwama. Wewe huna pete. Magazini iliyorushwa, ekstrakta iliyopotea na ufa juu ya triga vinasema ganda limepasuka karibu na kitako, gesi ikashukia kwenye shimo la magazini na kutokea upande wa ekstrakta. Ndiyo njia yake nyepesi.

Ganda hupasuka hapo kwa sababu chache. Shinikizo kupita kiasi. Kichwa kilichosukumwa ndani ya ganda, mara nyingi kwa sababu risasi ile ile imeingizwa chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa ikifyatuliwa, na kutolewa mara nyingi: nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Ganda lenyewe kuchoka au kuwa na ufa tangu awali. Bastola kufyatua kabla slaidi haijafunga sawasawa. Au chemba iliyokatwa vibaya kiwandani, ikaacha sehemu kubwa ya kitako bila ukuta. Mbili za mwisho ndizo zinazoweza kuwa za mtengenezaji. Ile ya kufyatua kabla ya kufunga nayo si yake kila mara, uchafu nao unaweza kuileta.

Kwa kipimo cha SAAMI, chombo cha viwango cha Marekani, wastani wa juu wa shinikizo la 9x19 ni psi 35,000, na CIP, wenzao wa kimataifa, wanaweka bar 2,350, karibu sawa. Bastola inayopimwa chini ya CIP hufyatuliwa risasi ya majaribio yenye shinikizo la asilimia 30 zaidi kabla haijapigwa muhuri. Kwa hiyo fremu haipasuki kwa kuwa risasi "ilikuwa kali kidogo". Kuna kitu kikubwa kilitokea. Sema.

Chombeza

Mwenzenu kaja kuuliza namna ya kujaza fomu, mnamwandalia mtihani wa fizikia. NjiaPanda, andika kwenye fomu: "Risasi zilikuwa za rangi ya dhahabu." Hawajauliza zaidi.

NjiaPanda

Sawa. Risasi ni za kujaziwa upya. Za jamaa tunayepiga naye shabaha.

Lakini jamani tuwe wakweli. Huyu mtu si wa kubahatisha, ana mizani, ana kipimo cha urefu, anajaza miaka mingi na hajawahi kupata tatizo. Risasi zake zinalenga vizuri kuliko za dukani. Na nilishapiga nyingi kutoka kopo lile lile bila shida yoyote. Sasa kwa nini ile moja ndiyo iwe ya risasi na isiwe ya fremu? Kitabu kinasema waranti haifuniki uharibifu uliosababishwa na risasi za kujaza. Nani kathibitisha zimesababisha?

Na kusema kweli kipengele kile nilishaanza kukijaza. Nimeandika za kiwandani. Sijatuma bado.

Mzee wa Springi

Hapo umeharibu. Usitume hiyo fomu. Kuandika uongo kwenye madai ni udanganyifu, na wanaweza kukunyima hata kile ulichostahili. Na huyu ni mwenye leseni ya silaha anaongea! Leseni inaishi kwa uaminifu wa mtu.

Bi Lengo

Mzee amesema la uadilifu, mimi niseme la ufundi: watajua.

Kiwandani wanaanza na ganda. Maandishi ya kitako yakiwa ya watengenezaji tofauti ndani ya kundi moja, hiyo si risasi ya kiwandani. Ganda la jeshi lililokuwa na fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) iliyobanwa pembeni, likajaziwa upya, huwa na ukingo uliokwanguliwa kuzunguka tundu la fataki, unaonekana kwa lenzi ya kawaida. Ganda lililopita kwenye daisi, kile kifaa cha kulirudishia umbo, lina mikwaruzo ya kwenda juu. Masalia ya baruti yanapimwa. Chuma cha chemba kinapimwa ugumu, na nyufa ndogo zinatafutwa kwa sumaku na unga wa chuma. Wakitaka, wanakuomba risasi zilizobaki wazifungue na kupima uzito wa baruti moja moja.

Kisha wanalinganisha na ulichoandika. Pale ndipo mjadala wako unapofia.

Bado hujajibu: nani ameigusa?

NjiaPanda

Fundi. Ameiona tu. Alisafisha chemba kwa brashi, akasugua kidogo ule mteremko ambao risasi inapandia kuingia chemba, akasema ulikuwa na kovu. Na tayari nimeagiza ekstrakta mpya, ufa anasema unazibika kwa gundi ya viwandani. Nilifikiri nikiipeleka ikiwa nadhifu itaonekana naitunza.

BarutiKavu

Mkuu!

Lile kovu ndilo lilikuwa shahidi wako. Shaba ya ganda iliyoyeyuka na kubandikana chemba ingeonyesha gesi ilitokea upande gani wa mviringo. Na mteremko ule ukisuguliwa, unapunguza ukuta unaobeba kitako cha ganda kwa upande wa chini, yaani hata kama chemba ilikatwa vibaya kiwandani, sasa huwezi kutofautisha kiwanda na msasa wa fundi. Kipengele cha "kuchonga au kubadilisha" umekitimiza kwa mkono wako.

Gundi usithubutu. Polima iliyopasuka mahali pabebapo mshtuko wa slaidi haizibiki. Fremu hubadilishwa, na kwenye bastola nyingi fremu ndiyo inayobeba namba ya silaha, kwa hiyo fremu mpya kisheria ni silaha nyingine: kibali, usajili, safari yote ile.

Kasiba

Wadau, mimi nimekaa kimya nikitazama picha. Hii ni chai.

Mleta mada anasema bastola yake ni ya nyundo. Tazameni picha ya kitako cha ganda aliyoiweka. Alama ya pini inayogonga fataki ni ya mstatili, na pembeni kuna mburuzo. Bastola za nyundo ninazozijua huacha kidoa cha mviringo. Mstatili ni wa aina fulani ya bastola zisizo na nyundo. Halafu kitako ni kizima, fataki imekaa sawasawa, haijawa bapa wala kuvuja moshi. Ganda lililopasua fremu haliwi safi hivyo. Na picha amepiga kitako tu, ubavu hauonekani.

Haya, fremu kaipasua kwa ganda la bastola nyingine? Ama huyu ni mwanafunzi wa hadithi, ama ni mtu anayetafuta namna ya kupita maswali ya fomu ya mtu mwingine. Na kampuni hataji, kwa wema gani?

Chombeza

Nilijua tu! Chai ya mkandaa, imekolea. Mzee wa Springi kashamsomea mtu asiyekuwepo hotuba nzima.

Kadi Haina Pesa

Kasiba jicho unalo. Ila hata ikiwa chai, swali ni halali. Na kutotaja kampuni hakuna kosa. Wakati ambapo jina lina maana ni pale unapotafuta kama modeli yako ina mwito wa marekebisho. Marekani, kwa mfano, Tume ya Usalama wa Bidhaa haina mamlaka juu ya silaha, sheria ya 1972 iliziweka nje, kwa hiyo mwito hutoka kwa mtengenezaji mwenyewe kwa hiari. Watengenezaji SIG Sauer walipotangaza maboresho ya bastola yao ya P320 Agosti 2017, baada ya hoja ya kufyatuka ikidondoshwa, waliyaita ya hiari. Ruger tangu 1982 wanabadilisha bila malipo mfumo wa ndani wa revolva zao za zamani, bastola za silinda inayozunguka, zile za kabla ya 1973, bila kuuliza wewe ni mmiliki wa ngapi. Mwito haufi na waranti. Kila mwenye silaha aingize namba yake kwenye ukurasa wa mtengenezaji, hata kama hana tatizo.

NjiaPanda

Si chai. Ganda kwenye picha si lile. Siku ile sikuliona, nikaokota moja sakafuni lenye maandishi ya kitako kama ya zile zangu, nikadhani ndilo. Sikujua mambo ya pini.

Ganda lenyewe lilibaki limekwama chemba. Fundi alilitoa kwa fimbo, alilihifadhi kwenye kopo. Nimemwomba apige picha, naweka mbili: kitako na ubavu.

Kasiba

Mviringo. Haya. Ulitaka kumtumia mtengenezaji ganda la silaha ya mtu mwingine, mkuu. Wangekurudishia fomu wakicheka.

Ila sijaridhika. Fundi gani anahifadhi ganda halafu anafuta chemba?

BarutiKavu

Anayejua ganda ni ukumbusho na hajui chemba ni ushahidi. Wapo.

Hizi picha sasa zinaongea. Ubavu umechanika chini kabisa, pale pale juu ya mteremko ambapo ganda halina ukuta. Fataki imekuwa bapa hadi ukingoni na tundu lake limepanuka, moshi umepita pembeni. Kovu la pini liko katikati kabisa, na sehemu iliyovimba ya kitako ni fupi, kwa hiyo slaidi ilikuwa imefunga. Ukingo wa tundu umekwanguliwa: ganda la jeshi lililojaziwa. Kwa macho yangu ni shinikizo kupita kiasi. Sisemi mia kwa mia kwa kutazama picha, ila upande wa kasoro ya silaha umebakiwa na nafasi ndogo.

Shinikizo hilo lilitokaje? Baruti za kasi zinazotumika kwenye 9x19 hazijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo kipimo kikimwagwa mara mbili kinaingia bila kufurika na mjazaji asiyechungulia kila ganda haoni. Au kichwa kilizama. Hili unaweza kulipima mwenyewe: chukua risasi zilizobaki, usizifungue, pima urefu wa kila moja kwa kalipa, kile kipimo cha milimita. Kikomo cha SAAMI kwa 9x19 ni milimita 29.69. Huitafuti iliyozidi hapo, unatafuta iliyo fupi kuliko wenzake waliojazwa kwa kichwa hicho hicho. Kupima uzito wa risasi nzima hakukusaidii sana: baruti yenyewe ni kama gramu 0.3, na maganda ya watengenezaji mchanganyiko yanaweza kutofautiana kwa kiasi kinachokaribia hicho, jibu linafichika.

Na ile hoja kwamba "nyingi zilipita salama" haisaidii. Kumwaga mara mbili ni kosa la ganda moja, kopo zima haliguswi.

NjiaPanda

Kwa hiyo nimekwisha? Waranti hakuna? Maana ekstrakta nimeshaagiza, na jamaa wa kujaza anasema nisitaje chochote, eti kampuni ndizo zinazotakiwa kuthibitisha.

Kadi Haina Pesa

Jamaa yako ana nusu ya ukweli, na nusu nyingine inakuumiza. Chini ya Magnuson-Moss mtengenezaji hawezi kukufungia nje kwa sababu tu ulitumia kitu cha mtu mwingine, anatakiwa aonyeshe kitu hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Sheria za mahali pako zinaweza kuwa na lugha nyingine. Lakini kuonyesha ndiko atakakofanya akilipata ganda lile. Mzigo wa kuthibitisha unakusaidia pale ushahidi unapokosekana au unapoegemea kwako. Wako haujaegemea kwako.

Fomu ifute, anza upya. Usiandike chanzo, hukijui. Andika kilichotokea: risasi za kujaziwa na mtu binafsi, kichwa gramu 8, mlio mzito, magazini ilitoka, ekstrakta haijapatikana, ganda limechanika chini. Andika kwamba chemba imepigwa brashi na mteremko umesuguliwa baada ya tukio, na nani kafanya. Kipengele usichokijua andika "sijui", usikiache wazi, maana nafasi tupu inasomwa kama kukwepa.

Kisha omba mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, ripoti ya ukaguzi yenye vipimo vya chemba na nafasi kati ya kitako cha ganda na uso wa slaidi, hata kama wanakataa madai. Bila ripoti huna cha kumwonyesha mtaalamu mwingine. La pili, kama wakikataa, waulize watakuuzia mbadala kwa masharti gani. Baadhi ya watengenezaji hupunguza bei kwa mteja aliyeleta silaha iliyoharibika na kueleza ukweli, kwa sababu nao wanataka silaha hiyo itoke mtaani. Hilo ni hisani, si haki, na hisani hawampi aliyewadanganya.

Ekstrakta uliyoagiza usiifunge. Kipuri kipya ndani ya silaha inayokaguliwa ni maswali zaidi.

Mzee wa Springi

Na springi aitume nayo, itawaonyesha...

Bi Lengo

Mzee, springi inakwenda ndani ya bastola yenyewe.

NjiaPanda, ufungaji ni hivi. Kwanza upate namba ya kibali cha kurudisha kutoka kwao, na uandike nje ya boksi la ndani, siyo la nje: boksi la nje lisionyeshe kuwa ni silaha. Uliza pia kwa maandishi inasafirishwaje kisheria kutoka ulipo, maana kwingine inabidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na posta za nchi nyingi hazipokei bastola ya mtu binafsi. Toa darubini, taa na mshiko wa ziada, kwani wakipoteza hawalipi. Magazini iliyokuwemo siku ile itume, ndiyo sehemu ya tukio. Vipande vya polima tia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, usivigundishe. Ganda kwenye mfuko wake, usilifute.

Risasi haiingii boksi moja na silaha, hata moja. Risasi ni mzigo wa hatari wa daraja 1.4S, ina taratibu zake, na wakizitaka watakwambia njia. Piga picha za kila upande kabla ya kufunga, namba ya silaha ionekane. Nakala ya risiti, asili ibaki kwako.

NjiaPanda

Nimeelewa. Nimefuta nilichoandika. Kuna moja tu limebaki: jamaa anataka nimrudishie maganda na risasi zilizosalia, anasema ni mali yake na atazikagua mwenyewe.

BarutiKavu

Hapana. Zifungie, weka lebo ya tarehe na jina la kundi, asiziguse mtu mpaka ripoti itoke. Si kwamba ni mwizi, ila anayekagua kosa lake huwa analitafuta mahali lisipokuwepo.

La haraka kuliko fomu: mwulize kundi lile alimpa nani mwingine. Kama mkono wake au kipimio chake kiliteleza mara moja kwenye kikao kile, huenda kimeteleza mara mbili, na hiyo ya pili iko kwenye magazini ya mtu.

Kasiba

Mimi bado naiita chai. Lakini hilo la wengine, mpigie sasa hivi.

NjiaPanda

Nimempigia. Wako wawili, na mmoja kesho asubuhi ana mashindano. Nampigia huyo.